Insha za darasa la nne: nasahihisha kila wiki, makosa ni yale yale. Mrejesho upi unamsaidia mtoto?

Mwl_Masoko (Rungwe)

Wakuu, mugonile. Naomba msaada wa walimu wa Kiswahili, hasa mnaofundisha darasa la tatu mpaka la tano.

Darasa ni la nne, mkondo mmoja, watoto 86. Kila wiki kuna insha fupi ya nusu ukurasa. Usahihishaji ni ule tuliourithi: kalamu nyekundu, kila kosa linapigiwa mstari, neno sahihi linaandikwa juu yake, chini inawekwa alama kwa kumi na "Ongeza bidii" au "Vizuri". Wiki inayofuata makosa yanarudi kama yalivyo. Hii ni kazi ya mtoto wa kati, si wa mwisho darasani:

"juma pili nilienda gulioni na mama tukanunua fiatu na sawadi ya mtoto mfua ikanyesha Tukaludi nyumbani mama Akapika ndizi tuka kula tukalala"

Nina maswali matatu. Kwanza, kwenye kazi kama hii nisahihishe nini na niache nini? Pili, nifanyeje ili mtoto autumie mrejesho badala ya kuangalia alama na kufunga daftari? Tatu, ile sehemu ya chini ya andalio la somo, tathmini na maoni. Wengi wetu tunaandika "Somo limeeleweka" na maisha yanaendelea. Inajazwaje ikawa na faida kwenye uandishi?

Kalamu ya Risasi

Mwalimu, asante kwa kuweka kazi ya mtoto hapa. Bila mfano tungebaki kuongea hewani.

Tuisome taratibu. Kwa kalamu nyekundu kazi hii ina makosa zaidi ya kumi, na mtoto akiona kumi anajua tu kwamba ameharibu. Lakini ukiyapanga, yanapungua haraka. "Fiatu", "sawadi", "mfua" na "tukaludi" ni tatizo moja la sauti lililojitokeza mara nne. "Juma pili" na "tuka kula" ni tatizo la mipaka ya maneno (hilo la pili lina na kosa la umbo la kitenzi ndani yake, liache kwa sasa). Linalobaki ni kubwa kuliko yote: hakuna nukta hata moja. Sasa tazama hiyo T kubwa ya "Tukaludi". Imekaa mahali ambapo sentensi mpya ingeanza. Huyu mtoto anaanza kuhisi mpaka wa sentensi, ila bado hajui kuuwekea alama. Ukiipiga mstari mwekundu kama kosa la herufi kubwa, umemwadhibu kwa kitu alichokaribia kukipata. A kubwa ya "Akapika" ndiyo imepotea njia.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: wiki hii shughulika na nukta peke yake. Na maudhui, kwa swali moja tu. Tahajia iache ipite. Najua inauma kuacha "fiatu" bila kuigusa.

Kwa nini kuandika neno sahihi juu ya kosa hakusaidii? Kwa sababu kazi yote umeifanya wewe. Mtoto amebakiwa na nini cha kufanya? Hakuna. Insha imekwisha, alama ametajiwa, wiki ijayo ni kichwa kingine. Mrejesho unaofika baada ya kazi kufungwa ni taarifa ya msiba. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa shule za msingi nchini Israeli: kundi moja lilipewa alama tupu, la pili maoni tupu, la tatu alama na maoni pamoja. Waliopanda ni wale wa maoni tupu. Waliopewa vyote viwili hawakupata faida hiyo. Alama iliyameza maoni.

Sasa utaratibu. Kabla ya kuandika, sema lengo kwa sauti na uliandike pembeni ya ubao: "Leo natafuta nukta mwishoni mwa kila wazo." Mtoto anapaswa kujua utasoma kwa jicho gani kabla hajashika kalamu. Waandike kwenye ukurasa wa kulia wa daftari tu, ule wa kushoto ubaki wazi kwa marekebisho. Wapo wanaoshauri kuruka mstari mmoja mmoja, lakini kwa mwandiko wa darasa la nne zile nafasi zinajaa vurugu, na daftari linakwisha mapema vilevile.

Ukisoma, usirekebishe. Weka kinukta cha kalamu pembeni ya mstari wenye shida, usiseme shida iko neno gani. Mistari miwili ikikosa nukta, vinukta viwili pembeni. Kutafuta ni kazi ya mtoto. Kisha andika chini swali moja la maudhui ambalo jibu lake analo yeye tu. Kwa kazi hii ningeandika: "Mvua ilipoanza mlikuwa wapi? Viatu vililowa?" Linganisha na "Eleza zaidi", ambayo mtoto hawezi kuifanyia chochote kwa sababu hajui zaidi ya nini.

Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa, marekebisho yafanyike ndani ya kipindi. Usiyapeleke nyumbani, nyumbani kuna kuchuma chai, kuchota maji na kulea wadogo. Chukua dakika 12 za mwanzo wa kipindi kinachofuata kati ya zile 40. Dakika mbili za kusoma kazi yake kwa sauti ya chini, tano za kutafuta nukta, tano za kuandika upande wa kushoto sentensi mbili au tatu zinazojibu swali lako. Wewe unazunguka. Hakuna insha mpya mpaka hilo limefanyika. Ndiyo, utaandikisha insha chache kwa muhula. Insha mbili kwa mwezi zilizorudiwa zinafundisha kuliko nne zilizotupwa.

Kuhusu muda wako: 86 kwa dakika tatu tatu ni dakika 258, zaidi ya saa nne. Hakuna anayezipata kila wiki, ndiyo maana kalamu inakimbia na maoni yanakuwa "Ongeza bidii". Gawa darasa makundi matano ya watoto 17 au 18, uyape majina ya milima yetu: Rungwe, Loleza, Kipengere, na kadhalika. Kila insha unasoma kwa undani kundi moja, dakika moja na nusu kwa daftari, haifiki nusu saa. Manne yaliyobaki unayapitia kwa jicho la haraka ukitafuta lile lengo moja, kisha unawapa mrejesho wa pamoja ubaoni. Andika ubaoni kipande kimoja chenye kosa la wengi (kitunge mwenyewe, usinakili cha mtoto wakakitambua), mkirekebishe pamoja, ndipo kila mmoja arudi kwenye daftari lake. Baada ya insha tano kila mtoto amesomwa kwa undani mara moja.

Taaluma_Mufindi

Kamwene walimu. Nakubaliana na mengi ya hapo juu, ila tusiwadanganye wenzetu. Mwalimu akiacha "fiatu" bila kuipiga mstari, mzazi ataona daftari na kusema mwalimu hajui Kiswahili. Mwalimu Mkuu ataliona, Mthibiti Ubora (mkaguzi wa shule) atalikuta. Na upimaji wa darasa la nne una imla ndani yake, tahajia haiachiki.

Njia ya kupita ni kuonyesha wazi daftari linafanya kazi gani. Gundisha ndani ya jalada karatasi yenye maneno machache: "Hili ni daftari la rasimu. Kila insha inasahihishwa kwa lengo moja lililoandikwa juu ya ukurasa." Kisha juu ya kila ukurasa mtoto aandike "Lengo: nukta". Anayekagua akiona lengo, vinukta vya pembeni, na marekebisho upande wa kushoto, anaelewa kazi imefanyika, tena kuliko akiona vema 86 zilizopigwa kwa haraka. Wazazi waelezwe kwenye kikao cha mwanzo wa muhula, kwa mfano wa daftari mkononi, si kwa hotuba.

Alama zisifutwe. Zisogezwe. Rasimu haina alama. Toa alama kwenye kazi moja kati ya tatu, ile iliyorudiwa na kuandikwa safi, kwa mgawanyo ambao watoto wanaujua kabla: maudhui 4, mpangilio 2, sentensi na alama za uandishi 2, tahajia 2. Mgawanyo huu unamzuia mwalimu kumpa mtoto 2 kwa 10 eti kwa sababu ya r na l, wakati kisa chake kimepangika vizuri.

La pembeni, lakini lina uzito. Kwa miaka mingi sehemu ya Utungaji katika mtihani wa darasa la saba imekuwa ya kupanga sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi A mpaka D. Mtoto anaweza kupata zote bila kutunga sentensi yake hata moja. Ndiyo maana shule nyingi insha zinakufa kuanzia la tano. Zoezi lenyewe si baya, na linaweza kugeuzwa kuwa mrejesho wa mpangilio: chukua insha iliyorukaruka, kata sentensi zake ziwe vipande vya karatasi, kundi lizipange upya na kueleza kwa nini hii itangulie ile.

Sauti_za_Kusini

Naongeza kwenye hizo "fiatu" na "sawadi", maana hapo mrejesho wa maandishi peke yake hautoshi kamwe.

Kinyakyusa hakina v, z wala r. Kina f, s na l. Mtoto wa Rungwe au Kyela anayeandika "mfua" hajakosea kuandika. Ameandika kwa usahihi kabisa kile anachokitamka na kukisikia. Unaweza kumwandikia "mvua" kwa wino mwekundu mpaka darasa la saba, sikio lake litaendelea kumwambia ni ileile. Mrejesho wake lazima uanzie mdomoni.

Mpe jozi za maneno yanayotofautiana sauti moja tu, na ambayo yote mawili yana maana: fua na vua, faa na vaa, saa na zaa, sana na zana, kula na kura, mahali na mahari. Hatua ya kwanza ni kugusa. Mtoto aweke vidole kooni aseme "ffff", kisha "vvvv". Kwenye v koo linatetemeka, kwenye f limetulia. Vivyo hivyo s na z. Kwa r na l koo halisaidii, zote zinatetemesha. Hapo mwonyeshe ulimi: kwenye l ncha inagusa nyuma ya meno ya juu na kukaa, kwenye r inagonga na kuachia. Hatua ya pili ni kusikia bila kuandika: unasema "vua", mtoto anainua mkono wa kulia kwa v, wa kushoto kwa f. Wafumbe macho, la sivyo wanamtazama mjuzi wa darasa. Hatua ya tatu ndiyo kuandika, maneno sita tu. Dakika tano, mara tatu kwa wiki, jozi moja ya sauti kwa wiki mbili. Usichanganye f/v na r/l wiki moja. Na kama shule ina bati bila dari, fanya asubuhi. Mvua ya Rungwe ikianza kupiga bati, f na v hata wewe huzisikii.

Kuna msaada mkubwa ndani ya Kinyakyusa chenyewe. Panapotokea iki- kwa kitu kimoja na ifi- kwa vingi, Kiswahili kina ki- na vi-. Mtoto analijua hili tangu utotoni bila kufundishwa. Mwambie: "Unaposikia ifi- kichwani mwako, kwenye Kiswahili andika vi-." Kanuni hiyo moja inarekebisha vitabu, viti, viazi, vikapu na viatu kwa mpigo. Anayemchapa mtoto kwa kusema lugha ya nyumbani anajinyima zana hii.

Tahadhari mbili. Baada ya wiki moja au mbili utaona "vundi" badala ya fundi, "zaza" badala ya sasa. Usiogope. Mtoto ameshajua kuna sauti mbili na anaisambaza mpya kila mahali. Usimkate alama hapo. Rudi kwenye jozi. Ya pili, usichukulie kila darasa la Mbeya kuwa la Wanyakyusa. Mjini humo humo wamo Wasafwa, Wanyiha, Wandali, Wakinga, na waliozaliwa na Kiswahili. Kabla ya kuanza, toa imla ya maneno 12 yenye v, z, r, h, mb na nd, uone darasa lako linaumwa wapi. Madarasa mengine tatizo halimo kabisa kwenye f na v, limo kwenye h inayodondoka ("apa", "uyu") au m inayopotea mbele ya b ("bwa" kwa mbwa).

Mwl_Masoko (Rungwe)

Asanteni sana, hilo la iki- na ifi- sikuwahi kulifikiria. Maswali mawili yanabaki. Watoto kusahihishana wenyewe: dawati moja lina watatu, wakipeana madaftari ni kelele na kuchekana. Kuna namna? Na lile la tafakuri, yaani tathmini na maoni ya andalio la somo, bado halijaguswa.

Kalamu ya Risasi

La kusahihishana nitalijibu kwa kifupi. Kuchekana kunatokana na kumpa mtoto kazi ya mwalimu. Usimpe kalamu nyekundu na asiandike chochote kwenye daftari la mwenzake. Kazi yake ni kusoma kwa sauti. Mwandishi anasikiliza kazi yake ikisomwa na mwingine, na kalamu ya risasi anaishika yeye mwandishi. Msomaji akikwama au pumzi ikimwishia, mwandishi anaweka nukta au anaangalia kulikoni. Ukiwapa watoto wale sentensi ya "tukanunua fiatu na sawadi ya mtoto mfua ikanyesha" waisome, hata wao watasikia kwamba mvua haikununuliwa gulioni. Mwisho msomaji anauliza swali moja linaloanza na "kwa nini", "wapi" au "ilikuwaje". Swali moja, basi.

Wakiwa watatu: mmoja msomaji, mmoja mwandishi, wa tatu anahesabu nukta kwa vidole. Dakika nne, kisha mnabadilishana. Wote 86 wakisoma pamoja kutakuwa na mvumo, ndiyo, lakini mvumo wa kusoma unatofautiana na kelele na sikio la mwalimu linaujua. Kabla hujawaachia, igiza mbele ya darasa na watoto wawili, mara ya kwanza kwa ubaya (cheka, pokonya daftari), mara ya pili kwa uzuri. Wataelewa haraka kuliko ukitoa kanuni.

Makambako_JzK

Hodi. Nalichukua la tafakuri, kwa kuwa ndilo linaloachwa kila mara.

"Somo limeeleweka kwa asilimia 80" haliwezi kuitwa tafakuri. Asilimia 80 ya nini? Nani alihesabu? Tena huandikwa kabla ya kipindi, tunajuana. Tafakuri ya uandishi haiwezi kufanyika kipindi kinapoisha kwa sababu ushahidi bado umo kwenye madaftari. Ifanye baada ya kusoma, madaftari yakiwa mbele yako.

Chukua madaftari 12: manne ya wanaofanya vizuri, manne ya kati, manne ya wanaosuasua. Chora jedwali la safu nne kwenye karatasi: wazo na mpangilio, mipaka ya sentensi, sauti na tahajia, mipaka ya maneno. Kila daftari unapiga kijistari pale penye shida. Usihesabu kila kosa, hesabu watoto. Kazi yote ni robo saa. Kisha andika mistari mitatu. Wa kwanza: nimeona nini, kwa idadi. Wa pili: katika kufundisha kwangu nini kimesababisha. Wa tatu: kipindi kijacho nabadili nini, kwa nani. Mfano:

"Watoto 9 kati ya 12 hawana nukta. Nilifundisha nukta kwa sentensi za ubaoni zilizokwisha kutenganishwa, hawakuwahi kutafuta mpaka wenyewe. Jumatano: aya moja isiyo na nukta kwenye manila, wazitafute kwa kusoma kwa sauti, dakika 10, darasa zima."

Mstari wa pili ndio mgumu. Kalamu inataka kuandika "watoto hawana msingi" au "wazazi hawafuatilii". Yanaweza kuwa kweli, ila huwezi kuyafanyia kitu Jumatano. Jibane ubaki na mambo yaliyo mikononi mwako: maelekezo, mfano uliotoa, muda, kichwa cha insha, maandalizi ya mazungumzo. Muda hasa. Pima kipindi chako cha insha kwa saa. Mara nyingi kunukuu tarehe na kichwa kunakula dakika nane, maelezo ya mwalimu kumi na tano, kugawa madaftari tano, na mtoto anabaki na dakika kumi na mbili za kuandika. Hapo tatizo la "insha fupi mno" tayari lina jibu, na halihusu akili ya mtoto.

Kichwa nacho. "Siku ya gulio" ni kizuri, kila mtoto wa huku amefika gulioni. Lakini kabla ya kuandika waliongea? Dakika saba za kusimuliana wawili wawili zinabadili insha kuliko maoni yoyote utakayoyaandika baadaye. Mtoto wa mfano wetu ametoka nyumbani, amenunua, amerudi, amelala. Gulio lenyewe halimo. Ukiwakuta watoto 10 kati ya 12 wameandika ratiba ya siku badala ya tukio, usiwaandikie maoni kumi. Umefundisha hivyo bila kujua, pengine kwa mfano wa ubaoni ulioanza na "Niliamka asubuhi". Badilisha mfano.

Kanuni ya kuamua: kosa likiwa kwa wengi zaidi ya nusu, ni la kufundishwa upya kwa darasa zima. Likiwa kwa robo au theluthi, kaa na hilo kundi dakika kumi wakati wengine wanarekebisha. Likiwa kwa wawili watatu, liandike kwenye daftari zao au nenda mezani kwao. Maoni ya mtu mmoja mmoja kwa kosa la darasa zima yanachosha mkono bure.

Na tafakuri isiwe ya peke yako. Mko na vikao vya Jumuiya ya Kujifunza chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini). Badala ya kusoma moduli kwa zamu na kusaini mahudhurio, peleka kazi tatu za watoto, majina yamefunikwa. Dakika kumi za mwanzo ni kueleza kinachoonekana tu: "anaweka herufi kubwa baada ya wazo kuisha", "anatumia -ka- kuunganisha matukio". Marufuku kusema zuri au baya. Hapo ndipo mwalimu wa Hisabati anaona kitu ambacho wa Kiswahili amekizoea mpaka hakioni. Kisha mnachagua jambo moja la kujaribu, na kikao kinachofuata mnaleta kazi za watoto walewale watatu. Kikao kikileta kazi za watoto wengine, hakuna mtakachojua kama kimebadilika.

Jaribio lingine la kikao: insha moja, walimu wanne, kila mmoja aipe alama kwa siri kwa ule mgawanyo wa 4, 2, 2, 2 wa mwalimu wa Mufindi, kisha mfunue. Mkitofautiana kwa alama tatu au nne, msihamie kwa watoto kwanza. Kubalianeni "mpangilio 2" ni insha ya namna gani, mtafute mfano wake na muubandike ofisini.

ChakiNyeupe

Jambo moja halijasemwa na litawaangusha. Darasani mwenye 86 wapo ambao hawasomi bado. Wanaonakili herufi vizuri, mwandiko unavutia, lakini hawawezi kusoma walichoandika. Vinukta vya pembeni na maswali yenu mazuri kwao ni michoro tu.

Kuwatambua ni rahisi: mtoto akusomee insha yake mwenyewe. Akisoma tofauti na kilichoandikwa, au akikaa kimya, usimwandikie mrejesho. Wao warudi kwenye silabi kama za darasa la kwanza na la pili, na uandishi wao uwe wa kuongea kwanza: anasema sentensi moja, mnaihesabu maneno kwa vidole, anaiandika ikiwa na idadi hiyo ya maneno. Hesabu ya vidole inamaliza "tuka kula" na "juma pili" haraka kuliko maelezo. Sentensi moja sahihi kwa siku inamtosha. Mrejesho wake ni wa mdomo, mezani kwake, watoto sita kwa kipindi, sekunde thelathini kila mmoja: umefanya hiki, sasa jaribu hiki. Usimwache aondoke kabla hajajaribu mbele yako.

Mwl_Masoko (Rungwe)

Nimeelewa. Hizi alama za pembeni, naweza kuongeza nyingine zaidi ya kinukta? Mfano ya sauti, ya kutenganisha maneno, ya herufi kubwa?

Kalamu ya Risasi

Unaweza, lakini si siku moja. Anza na kinukta peke yake mpaka darasa lizoee kwamba alama ya pembeni maana yake ni "tafuta". Baadaye ongeza ya sauti, mstari wa mawimbi chini ya neno, wiki ileile mnayoanza jozi za f na v ili alama ikutane na kilichofundishwa. Kisha mkwaju mdogo wa kutenganisha na upinde wa kuunganisha, "juma" na "pili" ziwekewe upinde juu. Herufi kubwa iwe ya mwisho. Ikishakaa nukta, nusu ya tatizo la herufi kubwa linajiondoa. Zisizidi aina nne kwa mwaka. Ziandike kwenye manila moja ukutani, kila alama na mfano mmoja, uibandike upande ambao watoto wanautazama wakiwa wamekaa, siyo nyuma ya darasa ambako wageni tu ndio huziona.

Tumia kalamu ya bluu au kijani ukipata. Na zile A kubwa katikati ya sentensi, kama "mama Akapika", angalia kwanza kama ni mazoea ya mkono. Wapo watoto walioshika A kubwa tangu awali kwa kuwa a ndogo inawasumbua kuichora. Mwambie aandike a ndogo mara tano mbele yako. Akihangaika, ni suala la mwandiko, siyo kanuni.